Kabla Hujalipia Laptopu Arusha

Muhula ukikaribia, wanafunzi wa Chuo cha Uhasibu kule Njiro, Chuo cha Ufundi na Taasisi ya Nelson Mandela ya Tengeru huzunguka maduka ya mjini wakitafuta kompyuta. Wengi huuliza: ninunue yenye jina, au fundi aniundie?

Kompyuta ya mezani, mwachie fundi. Bodi, prosesa, RAM na diski huuzwa kimoja kimoja, na kinachokufa hubadilishwa peke yake. Kwa steshenari au studio ya picha, fundi mzuri atakupa mashine yenye nguvu kwa pesa uliyonayo.

Laptopu ni habari nyingine. Bodi yake hukatwa kulingana na kasha lake, hivyo fundi wa mtaani hana pa kuanzia. Ng'ambo wapo waundaji wanaonunua makasha ya Clevo ya Taiwan na kuyajazia vifaa mteja anavyotaka. Lakini bawaba ya mashine hiyo ikivunjika ukiwa Ngaramtoni, utaagiza mbali na kusubiri. Nembo kubwa nazo nyingi hutengenezewa na viwanda vya watu wengine, kama Quanta na Compal. Faida ya nembo hizo kwa mnunuzi wa Arusha ni spea: Dell Latitude, HP EliteBook na Lenovo ThinkPad zilizotumika maofisini zimejaa sokoni, na iliyokufa huiachia iliyo nzima kibodi, kioo au feni.

Jaribu papo hapo

Soma namba ya prosesa. Kwenye i5-8250U, ile 8 baada ya kistari ni kizazi cha nane. Kwa prosesa za Intel, Windows 11 huanzia hapo, na Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Bei rahisi ya kizazi cha sita ina sababu.

Pima betri. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua ripoti itakayotengenezwa. Linganisha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Ikiwa ilikuwa 50,000 na sasa ni 25,000, nusu imekwenda. Omba punguzo la bei ya betri mpya. Kisha chomoa chaja, uone kama mashine itabaki hewani.

Izime, uiwashe ukibonyeza F2 kwa Dell, F10 kwa HP au F1 kwa ThinkPad, uingie kwenye mipangilio yake. Ikidai nywila ambayo muuzaji haijui, irudishe mezani: ina kufuli la mmiliki wa zamani, na huenda ni ya wizi.

Fungua na kufunga kioo mara kadhaa ukisikiliza bawaba. Bonyeza kila herufi. Uliza kama RAM huchomoka au imechomelewa kwenye bodi. Iliyochomelewa haibadilishwi kirahisi.

Chaja nayo isomwe: volti zilingane na za mashine, wati zisipungue.

Ukishanunua

Vumbi la kiangazi chini ya Meru ni laini kama unga, na feni huligeuza kuwa blanketi. Mashine ikianza kuunguruma na kuchemka, ipeleke ifunguliwe na kusafishwa kabla hujaambiwa bodi imeungua. Usiitumie juu ya kitanda, maana godoro huziba matundu ya hewa.

Dai risiti ya EFD, na karatasi ya dhamana iandikwe namba ya mashine, muda wa dhamana na vitu inavyovihusu. Ukiuziwa bidhaa bandia, Tume ya Ushindani ndiyo pa kupeleka malalamiko, na utahitaji karatasi hizo.

Muuzaji anayekataa uijaribu mashine yake kwa nusu saa amekwisha kukujibu. Nenda duka la pili.