SOMO LA WIKI: Kabla hujanunua gari la kale, soma masharti ya namba zake

Wiki iliyopita mfanyabiashara mmoja wa vipuri pale Gerezani, Dar es Salaam, alinionyesha hesabu aliyoipiga kwenye kipande cha boksi. Kuna Land Rover ya mwaka 1964 imelala chini ya mwembe mjini Morogoro, na mwenyewe anataka fedha haraka. Ndugu yake anayeishi Melbourne, Australia, amemweleza kuwa kule magari ya namna hiyo yanatafutwa, na kwamba serikali huyapa namba za bei nafuu. Kwenye boksi kulikuwa na bei ya kununulia, usafiri hadi bandarini, meli, na bei ya kuuzia. "Mdogo wangu, wewe umesomea biashara," akaniambia. "Niingize mtaji au niache?"

Hesabu yake haikuwa mbaya, ila alikuwa ameacha mstari mmoja. Hakuandika mnunuzi wa Melbourne ataruhusiwa kulitumia gari hilo siku ngapi kwa mwaka. Bei ya gari la kale katika masoko hayo inaanzia hapo, na kwa kuwa wapo wasomaji wengine wanaopewa ushauri wa aina hii na ndugu walioko nje, tumeona tulifanye kuwa somo la wiki hii.

Sisi tumezoea uzee wa gari kuwa mzigo wa kodi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika la zaidi ya miaka 8. Tanzania hairuhusu tu, bali hulitoza gari kuukuu ushuru wa ziada. Katika nchi kadhaa tajiri mambo ni kinyume. Gari likivuka umri fulani linahesabiwa kuwa sehemu ya historia, na mwenye nalo hupunguziwa gharama za usajili. Lakini nafuu hiyo ina masharti, na ndiyo yanayomkuta mfanyabiashara asiyejiandaa.

Tuanze na Melbourne yenyewe, iliyo katika jimbo la Victoria. Huko upo utaratibu wa kibali cha klabu kwa magari yenye zaidi ya miaka 25. Mwenye gari lazima awe mwanachama hai wa klabu ya magari iliyotambuliwa na serikali, na klabu hiyo ndiyo inayothibitisha kwamba gari linastahili. Kisha anachagua kibali cha siku 45 au cha siku 90 kwa mwaka. Anapewa daftari, na kila siku anayotaka kuliingiza gari barabarani ni lazima aijaze kabla ya kuondoka. Akikamatwa na daftari ambalo siku hiyo haikujazwa, anahesabiwa kuwa anaendesha gari lisilosajiliwa. Ada ya klabu ikipita bila kulipwa, kibali nacho kinayumba.

Jimbo jirani la New South Wales, ambako ndiko Sydney, lina kanuni zake. Umri ni miaka 30, na siku za daftari ni 60, mbali na safari zinazoandaliwa na klabu. Huko gari la historia linatakiwa liwe karibu iwezekanavyo na lilivyotoka kiwandani. Mikanda ya usalama na taa za kuonyesha upande wa kukata kona zinaruhusiwa kuongezwa, maana ni mambo ya usalama. Lililofanyiwa mabadiliko makubwa halikosi njia kabisa, lakini linapelekwa kwenye mpango mwingine wenye ukaguzi wake na vyeti vyake vya mhandisi.

Hapa ndipo nilipomuuliza yule mfanyabiashara: injini ya hiyo Land Rover ni yake? Akacheka. Msomaji anayewafahamu mafundi wetu anajua kwa nini. Land Rover nyingi za zamani zilizobaki hai nchini mwetu zimebaki hai kwa sababu fundi alizitia moyo wa gari jingine, pengine la Kijapani. Kwa mkulima hilo ni jambo jema. Kwa mnunuzi wa Sydney anayetaka namba za historia, ni sababu ya kuomba punguzo kubwa au kuondoka.

Sasa tuangalie fedha. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu, kwa ajili ya kufundishia. Tuchukulie usajili kamili pamoja na bima ya lazima ni dola 900 kwa mwaka, na kibali cha siku 45 pamoja na ada ya klabu ni dola 200. Anayekwenda kazini na gari lake siku 250 kwa mwaka atalipa, kwa usajili kamili, dola 3.60 kwa siku. Mwenye kibali cha siku 45, akizitumia zote, analipa dola 4.44 kwa siku. Kumbe kwa siku moja moja kibali hiki ni ghali zaidi! Unafuu wake anauona yule tu ambaye hata hivyo asingeliendesha gari mara nyingi, kwa sababu siku 45 hizo hizo kwa usajili kamili zingemgharimu dola 20 kila moja.

Kwa hiyo mnunuzi wako hatafuti usafiri. Ni mtu mwenye gari jingine la kazini, mwenye banda la kuhifadhia, mwenye Jumapili za kupoteza, na mwenye macho makali ya kuona bolti isiyo ya mwaka wake. Wanunuzi wa aina hiyo ni wachache, wanajuana kupitia klabu zao, na hawana haraka. Mtaji wako unaweza kukaa miezi mingi ukimsubiri mmoja wao. Wala usidhani utalikodisha kwa maharusi wakati unamsubiri, maana namba za aina hii si za biashara ya kukodisha.

Jambo jingine ambalo matangazo ya magari hayalisemi kwa sauti ni kwamba kibali hakihami na gari. Gari likiuzwa, mnunuzi anaanza upya: klabu yake, ukaguzi wake, maombi yake. Ukiona tangazo la gari "lenye namba za klabu", lihesabu kama gari lisilo na usajili, kisha ndipo uanze kujadili bei.

Uingereza ina mfumo mwepesi zaidi. Gari likivuka miaka 40 mwenyewe anaweza kuomba lisilipiwe kodi ya barabara, na tangu Mei 2018 mengi yake hayalazimiki kupita ukaguzi wa kila mwaka, mradi hayakubadilishwa kwa kiasi kikubwa katika miaka 30 ya karibuni. Hakuna daftari la siku. Lakini hata huko, gari linalotumika kwa biashara halipati msamaha wa kodi. Ujerumani nayo, tangu 1997, hutoa namba zinazoishia na herufi H kwa gari la miaka 30 lililopitishwa na mtaalamu kuwa lina asili yake na limetunzwa vizuri. Kodi yake ni euro 191.73 kwa mwaka, iwe injini ndogo au kubwa, na gari hilo linaruhusiwa kuingia katika maeneo ya mijini yanayozuia magari ya moshi. Zipo pia namba nyekundu zinazoanza na 07, ambazo mwenye magari kadhaa ya kale anaweza kuyahamishia kwa zamu, tena kwa daftari la safari. Mwenye injini kubwa ananufaika zaidi na kodi hiyo moja. Mwenye kagari kadogo ka petroli apige hesabu kwanza, anaweza kukuta kodi ya kawaida ni ndogo zaidi.

Turudi Gerezani. Kwa Australia kuna mitego miwili ambayo haimo hata kwenye kanuni za usajili. Kwanza, kibali cha kuingiza gari kinatakiwa kipatikane kabla halijapakiwa melini. Pili, tangu mwisho wa mwaka 2003 nchi hiyo imepiga marufuku asbesto, na magari ya miaka hiyo yalikuwa nayo kwenye breki, klachi na gasketi. Mamlaka za mpakani zinaweza kuagiza gari lipimwe, na gharama ya kupima na kuondoa inabaki kwa mwagizaji. Ongeza usafi: tope la Morogoro chini ya chasisi ni kosa kwa wakaguzi wa mimea na wadudu.

Nilimshauri asitoe hata shilingi ya kishika uchumba kabla ya mambo matatu: picha ya namba ya chasisi ilinganishwe na kadi ya gari, fundi asiye wa muuzaji aseme injini ni ya nani, na ndugu wa Melbourne aende kwenye klabu moja aulize kwa maandishi kama gari hilo watalikubali. Jana jioni alinipigia simu. Kadi imepatikana, lakini namba mbili za mwisho za chasisi hazilingani. Muuzaji anasema ni kosa la karani wa zamani, na ameshusha bei.