Kumfuga Rottweiler: Wajibu wa Mwenye Mbwa kwa Afya ya Familia

Mtoto wa miaka saba aliletwa kliniki siku ya nne baada ya kung'atwa mkononi na Rottweiler wa nyumbani kwao. Jeraha lilikuwa limepakwa majivu na kufungwa kitambaa. Mama yake alipoulizwa kwa nini hakumleta mapema, alijibu, "Daktari, mbwa ni wetu, si mbwa koko." Mbwa huyo alikuwa akifungiwa bandani mchana kutwa, wala hakuwa amechanjwa tangu anunuliwe. Jibu la mama huyo ndilo lililozaa makala haya, kwa sababu tunalisikia mara kwa mara.

Asili na umbile

Jina la mbwa huyu linatokana na mji wa Rottweil, kusini mwa Ujerumani, ambako mababu zake waliswaga ng'ombe wa wachinjaji na kuvuta mikokoteni ya nyama. Kazi hiyo ilihitaji nguvu, subira na utii kwa bwana wake. Dume aliyekomaa huwa na kilo 50 hivi, yaani zaidi ya mara mbili ya uzito wa mtoto wa miaka saba. Kwa hiyo, kosa dogo katika malezi yake linaweza kuleta jeraha kubwa.

Wajibu wa mwenye mbwa

Wajibu wa kwanza ni chanjo. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao wakiwa Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Watoto ni sehemu kubwa ya waathirika. Ukuta na geti havizuii ugonjwa huu, kwani mnyama mgonjwa anaweza kupenya usiku na kupigana na mbwa wako bila wewe kujua. Mbwa achanjwe afikapo miezi mitatu hivi, kisha kila mwaka au kama daktari wa mifugo atakavyoelekeza, na cheti kihifadhiwe. Apewe pia dawa ya minyoo, na kinyesi chake kiondolewe kila siku, kwa kuwa mayai ya minyoo huweza kuwaingia watoto wanaocheza mchangani.

Wajibu wa pili ni malezi. Wiki za mwanzo za maisha, hadi ya kumi na nne hivi, ndizo zinazomfundisha mbwa kuzoea watu, watoto, wageni na kelele za mtaa. Wapo wanaomfungia na kumchokoza mtoto wa mbwa ili awe mkali. Hilo ni kosa: mbwa mwenye hofu hawezi kutofautisha mwizi na mtoto wa jirani. Afundishwe amri kwa upole na uthabiti, na atokapo nje afungwe kamba iliyoshikwa na mtu mzima anayemmudu.

Wajibu wa tatu ni uangalizi. Mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa yeyote, hata aliye mpole. Afundishwe kutomgusa mbwa anayekula, anayelala au anayenyonyesha.

Mbwa akiuma

Osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Usipake majivu, mafuta wala pilipili. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ni wako na jeraha ni dogo. Mhudumu atapima haja ya chanjo ya kichaa cha mbwa, kinga ya pepopunda na, kwa majeraha mazito, globulini kinga. Aliyechelewa naye aje, asikate tamaa.

Mbwa asiuawe kwa hasira. Afungiwe mahali salama na kuangaliwa na daktari wa mifugo kwa siku 10. Mhudumu asisubiri siku hizo zipite ndipo aanze chanjo. Akibaki mzima, dozi zilizosalia zaweza kusitishwa. Dalili za ugonjwa zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Faida zake

Anayetimiza wajibu huu hupata malipo mema. Rottweiler aliyelelewa vizuri ni mtulivu na mwaminifu kwa watu wa nyumbani, na hulinda kwa umbo na sauti yake bila haja ya kuuma. Mwili wake huhitaji mazoezi ya kila siku, na matembezi hayo humfaa pia bwana wake, hasa mwenye shinikizo la damu au kisukari. Kwa mzee aishiye peke yake, humpunguzia upweke na kumpa sababu ya kuamka mapema.

Kabla ya kumnunua, basi, familia ikae na kukubaliana ni nani atakayemlisha, atakayemtembeza na atakayelipia chanjo. Asipopatikana wa kufanya hayo, heri kuahirisha.

Yule mtoto alipewa chanjo siku ile ile. Mbwa alibaki mzima hadi siku ya 10, kisha naye akachanjwa. Mama alipomrudisha mtoto kuangaliwa kidonda, cheti cha mbwa kilikuwa mkobani mwake pamoja na kadi ya mtoto.