Dondoo muhimu: Visaidizi vya pamoja vya majaribio

Jina la Chama Kikuu cha Ushirika RUNALI limeshonwa kwa silabi za Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Tuseme unaandika programu ya wavuti ya kupokea korosho na ufuta kwenye vyama vya msingi vya huko.

• Kila jaribio likianza kwa mistari ishirini ileile ya kuingia kama karani, kusajili mkulima na kupima gunia, ihamishie kwenye kisaidizi kimoja. Kwa watumiaji wa pytest, kisaidizi kikae kama fixture kwenye faili la conftest.py, na majaribio ya folda nzima yatakiona.

• Kipe thamani za kuanzia zinazobadilika: pokea_mzigo(zao="korosho", daraja=1, kilo=80). Anayejaribu ufuta abadili anachohitaji tu. Kikifika vigezo kumi, kigawe. Hicho tayari ni programu nyingine.

• Kila jaribio litengeneze mkulima wake. Majaribio yakitumia mkulima mmoja, jaribio la makato litavuruga salio linalotegemewa na jaribio la malipo, nawe utakesha ukisaka kosa lisilokuwepo kwenye programu. Jaribio likiisha, hifadhidata irudi ilivyokuwa.

• Saa isimamishe. Msimu wa korosho huvuka mwaka, na jaribio linalofaulu Desemba laweza kuanguka Januari.

• Majina na namba za simu buni mwenyewe. Kunakili daftari halisi la wakulima ni kuchezea Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

• Ukaguzi wa matokeo usiufiche kwenye kisaidizi.