Pampu ya Mafuta katika Lori Kuukuu la Dizeli

Wako wasomaji wetu wafanyao kazi ya magari, na wengine wapendao kuijua. Kwao twaandika somo hili. Lori kuukuu la dizeli laweza kuwa na mtambo mzima usiochoka, kisha likaharibika kwa sababu ya chombo kidogo tu, yaani pampu ipelekayo mafuta. Kwa mfano twachukua malori ya Dodge Ram ya Marekani yenye mtambo wa Cummins wa lita 5.9 na vali 24, yaliyotengenezwa tangu mwaka 1998 hata mwaka 2002.

Mtambo huo una pampu mbili. Ya kwanza ni ndogo, ya umeme. Kazi yake ni kuvuta mafuta katika tangi na kuyapeleka mbele. Ya pili ni pampu kubwa ya Bosch iitwayo VP44, ambayo huyasukuma kwa nguvu nyingi mpaka kwenye nozeli. Hiyo VP44 haipati oili ya mtambo. Hulainishwa na kupozwa kwa dizeli ile ile ipitayo ndani yake. Basi pampu ndogo ikidhoofu, ile kubwa hushikwa na joto, vyuma vyake husagana, hata ikafa. Nayo bei yake ni kubwa sana kuliko ile ndogo. Mwenye kuiacha ndogo ife, huzika mbili.

Sababu ya udhaifu ni mahali pake. Pampu ndogo ilifungwa ubavuni mwa mtambo, mbali na tangi, penye joto na mtikisiko. Na tabia ya pampu za namna hii ni kusukuma vizuri kuliko kuvuta. Tena haitoi habari: lori laweza kwenda vema huku nguvu ya mafuta imekwisha pungua, na dereva asijue lolote.

Kwa hiyo jambo la kwanza si kununua pampu, bali kununua kipimo. Kifungwe karibu na mahali mafuta yaingiapo katika VP44, kitazamwe mtambo ukinguruma pole pole, kisha lori likipanda mlima na mzigo. Mafundi wengi husema nguvu isishuke chini ya ratili 10 kwa kila inchi mraba wakati wa kazi. Ikishuka, chujio libadilishwe kwanza, ipimwe tena. Huenda kosa ni uchafu tu. Wala bomba lenye dizeli lisiingizwe katika chumba cha dereva, maana likipasuka humo ni hatari ya moto. Yafaa kipimo cha umeme.

Ikiwa chujio ni jipya na nguvu bado ni haba, ndipo pampu ibadilishwe, kwa taratibu hii:

1. Pampu mpya ifungwe katika fremu ya gari, chini, karibu na tangi, ili isukume badala ya kuvuta.

2. Mabomba membamba na bolti zenye matundu madogo ziondolewe, viwekwe vyenye upana wa nusu inchi.

3. Pampu kubwa hula umeme mwingi. Waya wa zamani, utokao katika kompyuta ya mtambo, utumike kuamsha relei tu. Umeme wenyewe utoke katika betri kwa kupitia fyuzi, kompyuta isije ikaungua.

4. Hewa yote itolewe katika mabomba kabla ya safari. Mtu asitafute uvujaji kwa mkono wake, kwani dizeli yenye nguvu hupenya ngozi. Aliyepenywa apelekwe hospitali mara moja, hata jeraha likiwa dogo kama la sindano.

Mtu asidhani kwamba pampu mpya itaongeza nguvu za lori, wala kwamba itaiponya VP44 iliyokwisha sagika. Kazi yake ni kulinda kilicho kizima. Kwa hiyo hata baada ya kuifunga, kipimo kisiondolewe, na dereva akizoee kukitazama kama atazamavyo kipimo cha oili.