Miraji na neno «nafsi»

Isra ni safari ya usiku kutoka Makka hadi Yerusalemu. Miraji ni kupaa kutoka hapo kupitia mbingu saba. Kwa Kiarabu, neno miraji lina umbo la jina la kifaa: ni ngazi, si tendo la kupanda. Naanza na ngazi kwa sababu wanaoifasiri Miraji kwa saikolojia huisahau upesi, wakabaki na anayepanda tu.

Wazo kwamba safari ile ilikuwa ya ndani si la karne ya 20. Katika sira ya Ibn Ishaq imo riwaya ya Aisha isemayo kuwa mwili wa Mtume haukukosekana, bali roho ndiyo iliyochukuliwa. Wafasiri wengi walipinga, na hoja yao ni ya lugha: aya ya kwanza ya Sura ya 17 inasema «mja wake», na mja ni mwili pamoja na roho. Aya ya 60 ya sura hiyohiyo ina neno ruya, ambalo kwa kawaida ni ndoto. Ibn Abbas aliliweka kwenye usiku huo, akasema ni kuona kwa jicho.

Risala ya Kiajemi inayonasibishwa na Ibn Sina (wengine wana shaka kama ni yake) inakwenda mbali zaidi. Humo Buraki, mkubwa kuliko punda na mdogo kuliko farasi, ni akili tendaji: inaizidi akili ya binadamu, haiifikii Akili ya Kwanza. Kipimo hicho cha punda na farasi hunifurahisha kila nikisoma. Lakini tusidanganyike: kwa Ibn Sina akili tendaji iko nje ya mtu. Kwa Jung, aliyeisoma habari ya Khidr katika Sura ya 18 kama njia ya mtu kuufikia ukamilifu wake, nguvu inayoongoza hutoka katika kilindi cha mtu mwenyewe.

Hapa ndipo Kiswahili kinapotutega. Tunasema «nafsi» kwa yote mawili. Ile ya Jung hupanda ili ikamilike. Nafsi ya masufi ndiyo mzigo wa safari: kwanza ni nafsi iamrishayo maovu (Sura ya 12, aya ya 53), kisha ijilaumuyo (75:2), hatimaye iliyotulia (89:27), nayo huambiwa irejee kwa Mola wake. Bayazid wa Bistam, anayesimuliwa kuwa na miraji yake katika ndoto, hatafuti kujipata. Anataka kutoweka mbele ya Mungu. Mwanafunzi akiandika kwamba «Miraji ni safari ya nafsi» amesema mambo mawili yanayopingana, wala msomaji hatajua ni lipi.

Kwa hiyo katika tafsiri zangu, «nafsi» naiachia Kurani na masufi. Kwa Jung naandika «utu kamili», ingawa ni refu na halipendezi sikioni.