Haidroliki Nyekundu Si Zote Moja

Wapo wenzetu chuoni ambao ada yao inatoka kwenye gari. Mzee yuko Mtendeni, ana Spacio au Corolla ya 2002 inayopiga teksi hapa Tabora mjini, na ikilala gereji mwezi mmoja tu, mtoto anakosa mtihani. Kwa hiyo oili ya giaboksi si habari ya mafundi peke yao. Tuisome kama tunavyosoma kozi nyingine.

Ukienda duka la spea ukataka haidroliki ya gari ya auto, utasikia, "Hii inaingia auto zote, kaka." Ukibisha, unaonyeshwa rangi: si unaona nyekundu? Jamani, rangi inatiwa tu, ili ikivuja uitofautishe na oili ya injini. Haikwambii kilichomo.

Na kilichomo ndiyo kazi yenyewe. Ndani ya giaboksi ya auto kuna sahani za klachi zinazozunguka zikiwa zimelowa oili. Gia ikibadilika, zinatakiwa ziteleze kidogo sana kisha zishikane. Dawa zilizochanganywa kwenye oili ndizo zinazoamua utelezi huo. Oili hiyohiyo ndiyo inayobeba presha ya kuzibana, ndiyo maana wepesi au uzito wake nao unahesabika. Ukiweka isiyofaa, gia itashtuka au itachelewa kushika, injini inanguruma gari haiondoki, na mwisho sahani zinaungua.

Pa kuanzia ni dipstiki ya giaboksi. Toyota nyingi za miaka ile zimeandikwa palepale T-IV. Za zamani zaidi utakuta D-II, yaani Dexron II. Baadaye ikaja WS, nyepesi kuliko T-IV, na hizo mbili Toyota haikuzikusudia zibadilishane. Gari ya CVT ina oili yake kabisa. Usijaribu kuitilia haidroliki ya kawaida.

Mkanganyiko mkubwa, kwa maoni yangu, unatoka kwenye usukani. Pawa stelingi za Toyota hizohizo nyingi zinatumia Dexron II au III, basi kopo lililobaki huko linahamia giaboksi. Zote si haidroliki?

Je, lazima ununue ya Toyota yenyewe? Hapana. Zipo kampuni nyingine zinazotengeneza oili nzuri, ila geuza kopo usome nyuma. Maneno "kwa magari ya Kijapani" hayatoshi. Tafuta T-IV kwa jina. Hata hapo, hayo ni madai ya aliyeitengeneza. General Motors, wenye Dexron, walikuwa wakitoa leseni yenye namba, lakini za Dexron III zilikoma mwishoni mwa 2006. Kopo jipya linalojiita Dexron III leo linajisemea lenyewe. Mimi ningechukua ya kampuni ambayo maelezo ya oili yake unaweza kuyafungua kwenye simu ukayasoma kabla hujalipa.

Ukimwaga kwa nati ya chini, sehemu kubwa ya oili ya zamani inabaki ndani. Kama haijulikani iliwekwa ipi, badilisha, tembeza gari siku chache, badilisha tena. Kipimo kinasomwa gari ikiwa imeshatembea na imepata moto, iko tambarare, injini inaunguruma, lever imepitishwa gia zote ikarudi P. Kisha andika kwenye plasta, bandika chini ya boneti: aina ya oili, tarehe, kilomita. Fundi wa kesho asikisie.