Mbegu bila karatasi ni bubu: somo kutoka Yangambi



Katika nyumba nyingi maharagi ya aina tatu ao ine yanakaa ndani ya mfuko mmoja. Ukiuliza: «Haya mekundu yanatoka wapi? Yanakomaa siku ngapi?», unajibiwa: «Bibi njo alikuwa anajua.» Bibi akishakufa, ile elimu imeenda naye. Mbegu inabaki, lakini ni bubu.

Kuna watu ambao kazi yao ya kila siku ni kuzuia hasara ya namna hiyo. Wageni hawawaoni sana, maana wanafanya kazi ndani, katikati ya makabati na makaratasi. Leo tuingie kwao, kule Yangambi, jimbo la Tshopo, kando ya mto Kongo, upande wa magharibi wa Kisangani.

1. Yangambi ni nini?

Mwaka 1933, wakati wa ukoloni, Wabelgiji walianzisha shirika la uchunguzi wa kilimo lililoitwa INEAC. Kituo chake kikubwa kilikuwa Yangambi. Leo kazi hiyo iko mikononi mwa INERA. Wengi wetu tunajua jina hilo kwa sababu ya ndizi: ile «Yangambi Km 5», inayovumilia ugonjwa wa madoa meusi yanayokausha majani, ilipata jina lake huko.

Ndani ya Yangambi tutatazama sehemu tatu: nyumba ya mimea mikavu, makaratasi ya maktaba, na mashamba ya mimea hai.

2. Nyumba ya mimea mikavu

Nyumba hii inaitwa herbariumu. Ya Yangambi ina mimea zaidi ya 100,000. Kila mmoja ulifika hapo kwa njia hii: mtu aliingia porini, akakata tawi lenye majani, na ua ao tunda kama lipo. Alilitandaza ndani ya gazeti, akalibana kati ya mbao mbili, akalikausha upesi mbele ya kuoza. Kisha lilishikizwa juu ya karatasi ngumu na kuwekwa ndani ya kabati.

Lakini kazi kubwa ni kile kikaratasi cha pembeni. Kinaandikwa jina la mmea, mahali ulipotoka, tarehe, jina la aliyeukata na namba yake. Mara nyingi kinasema pia wenyeji wanauitaje na wanautumia kwa nini. Ukiondoa kikaratasi hicho, mmea unakuwa jani kavu tu.

Adui wa nyumba hii ni wale wale wa depo yetu: unyevu na wadudu. Kwa hiyo kazi haiishi: kufungua kabati, kutazama, kukausha, kufukuza wadudu. Miaka ya vita ilileta shida kubwa Yangambi, lakini mkusanyo huo haukupotea.

3. Makaratasi ya maktaba

Kati ya mwaka 1937 na 1958, wafanyakazi wa Yangambi walipita kila wiki kutazama miti karibu 2,000. Waliandika kwa mkono: huu unatoa maua, huu una matunda, huu umeangusha majani. 

Makaratasi hayo yalitunzwa. Miaka mingi baadaye yalipigwa picha, yakasomwa upya, na leo yanasaidia wataalamu kuelewa namna msitu wetu unavyofuata mvua na jua. Yule aliyeandika hakujua nani atamsoma. Aliandika tu, kila wiki.

4. Mashamba ya mimea hai

Mbona mbegu zote zisikaushwe na kuwekwa ndani ya chupa? Kwa sababu si zote zinakubali. Maharagi na mahindi yanakubali kukaushwa. Kakao ukiikausha inakufa. Muhogo na ndizi tunapanda kwa miti na machipukizi. Mimea ya namna hiyo inatunzwa ikiwa hai, ikipandwa na kuandikwa namba. Ndiyo maana bustani kama za Kisantu, katika Kongo Central, na Eala, karibu na Mbandaka, zina faida kubwa.

Tazama mfano wa mungazi (mchikichi). Kuna aina ya dura, yenye ganda nene na nyama kidogo. Kuna pisifera, isiyo na ganda, ambayo mara nyingi haizai vizuri. Na kuna tenera, yenye ganda jembamba na mafuta mengi. Mwaka 1941, watafiti Beirnaert na Vanderweyen wa Yangambi walieleza kwamba tenera ni mtoto wa dura na pisifera. Walijua hivyo kwa sababu baba na mama wa kila mti walikuwa wameandikwa.

Hii inatugusa moja kwa moja. Ukiokota mbegu chini ya tenera nzuri iliyozungukwa na tenera zingine, katika miche 4, karibu 2 itakuwa tenera, 1 dura na 1 pisifera. Utapalilia miaka 3 ao 4 mbele ya kujua kama umepoteza nusu ya shamba. Kwa hiyo, mtu akikuuzia mbegu ya mungazi njiani, muulize: «Baba na mama wake wameandikwa wapi?»

5. Koperative yetu ifanye nini?

- Vikaratasi viwili kwa kila mfuko: kimoja ndani, kimoja inje. Andika kwa kalamu ya risasi, maana wino wa biki unaweza kufutika kwa unyevu.
- Kaye ya mbegu: jina la mbegu, aliyeileta, kijiji, tarehe ya kuvuna, siku za kukomaa, magonjwa yaliyoonekana.
- Jaribio la kuota: chukua mbegu 100 bila kuchagua, zifunge ndani ya kitambaa chenye maji kidogo, hesabu baada ya siku 7. Zikiota 85, ni nzuri. Zikiota 50, tafuta zingine.
- Kiwanja cha mimea hai: panda aina za muhogo na ndizi kwa mistari, kila mstari na namba yake. Chora ramani ndani ya kaye, maana vijiti vinaoza na mbuzi wanaving'oa.
- Nyumba tatu: gawanya mbegu, na nakala za kaye, kwa jamaa tatu zinazokaa mbali. Moto, mafuriko ao kukimbia vita visimalize vyote siku moja.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Ni mbegu gani ya zamani inayojulikana na mtu mmoja tu katika kijiji chetu? Nani ataenda kumuuliza na kuandika juma hili?
2. Nani atashika kaye, na nani atamrudilia akisafiri ao akigonjwa?
3. Tutafungua na kukagua mifuko ya mbegu siku gani ya kila mwezi?